Mashujaa waliokufa Kaskazini Mashariki: Majina yao yaliandikwa wapi?

KILA ifikapo Oktoba 20, taifa la Kenya husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Gwaride hupita, bendera hupandishwa, ndege za kijeshi hupasua anga, na Rais husoma hotuba ambamo waliofariki wakiilinda nchi hutajwa kwa jumla. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako askari wamekuwa wakifa kwa zaidi ya miaka 80 chini ya bendera mbili tofauti, huko kutajwa kwa jumla ndiko kunakozua swali. Ni akina nani hao? Walikufa wangapi, na majina yao yaliandikwa wapi?

Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu vita vya eneo hili havikuwa vya aina moja. Kila kizazi kilikuwa na vita vyake, na kila vita vilikuwa na namna yake ya kuwakumbuka, au kuwasahau, waliokufa.

Kwanza, sikukuu zenyewe. Oktoba 20 ni tarehe ambayo mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwatia mbaroni Jomo Kenyatta na wenzake. Kwa miongo mingi iliitwa Sikukuu ya Kenyatta. Katiba ya mwaka wa 2010 ndiyo iliyoibadilisha jina na kuwa Sikukuu ya Mashujaa, kwa maana kwamba uhuru haukuletwa na mtu mmoja. Siku 6 kabla yake, Oktoba 14, huadhimishwa Siku ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF), iliyoanza kusherehekewa mwaka wa 2012. Hiyo si siku ya mapumziko kwa umma, lakini ina uzito wake huku Kaskazini Mashariki, kwa kuwa tarehe hiyo inakumbusha kuvuka mpaka kwa wanajeshi wa Kenya kuingia Somalia mwaka wa 2011.

Lakini msafara huo wa 2011 haukuwa wa kwanza kupita njia ile.

Mwaka wa 1940, Italia ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, mpaka wa kaskazini wa koloni la Kenya uligeuka uwanja wa mapambano. Katikati ya Julai mwaka huo kikosi cha King's African Rifles, ambacho Waafrika walikiita Keya, kililazimika kuihama Moyale usiku baada ya kuzingirwa na Waitaliano. Desemba 16, majeshi ya Uingereza yalijibu kwa kushambulia El Wak, mji ambao leo uko katika Kaunti ya Mandera na ambao umekatwa na mpaka. Waliopigana pale walikuwa Waafrika Kusini pamoja na wanajeshi wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Kijana wa Kumasi alifika kufia El Wak, mahali ambapo jamaa zake hawakuwahi kupasikia.

Garissa, iliyo kando ya mto Tana, ilikuwa ngome ya safari kubwa zaidi. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham, yenye askari wa Keya, Wanigeria, watu wa Gold Coast na Waafrika Kusini, yalitoka upande huu na kuelekea Afmadow. Kismayu ilitekwa Februari 14, mto Juba ukavukwa siku chache baadaye, na Februari 25 yakaingia Mogadishu. Aprili 6 yalikuwa Addis Ababa. Wanahistoria wa vita huizungumzia safari hiyo kwa mshangao kutokana na kasi yake. Maji, joto na uhaba wa barabara vilikuwa adui sawa na risasi.

Waliokufa katika vita hivyo walizikwa pale walipoangukia au katika makaburi madogo ya karibu. Garissa ilikuwa na makaburi kama hayo. Hayapo tena. Wenye dhamana ya makaburi ya vita waliona kwamba hayangeweza kutunzwa daima katika mahali pa mbali kiasi kile, wakayafukua mabaki ya askari kutoka Garissa, Marsabit, Mega iliyoko Ethiopia na Gelib ya Somalia, na kuyahamishia Nairobi, katika Makaburi ya Vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong. Makaburi hayo yalifunguliwa mwaka wa 1941 na yana zaidi ya makaburi 1,900 ya vita vile. Ndani yake upo ukumbusho wa wale wa kampeni hiyo ambao hawana kaburi linalojulikana, akiwemo Sajini Nigel Leakey wa Keya, aliyeuawa Ethiopia Mei 1941 na kutunukiwa baada ya kifo chake Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika makaburi ya Ngong, Mwafrika na Mzungu, Mkristo na Mwislamu, walilazwa bega kwa bega. Haikuwa hivyo katika Vita vya Kwanza. Sanamu ya wanaume watatu iliyosimamishwa katikati ya Nairobi mwaka wa 1928 ina maandishi yanayomwahidi mpiganaji kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji anaweza kuizunguka sanamu hiyo mara 10, na jina la mpiganaji hata mmoja hataliona. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya vita hivyo hukumbukwa pia kwa jina la mtaa wa Kariokor, neno lililotokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ya kujichunguza na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya Vita vya Kwanza. Novemba 2023, Mfalme Charles III alifika katika makaburi ya Kariokor na kuwakabidhi wazee waliopigana katika Vita vya Pili nishani mpya badala ya zile walizopoteza. Ilikuwa imepita miaka 78 tangu vita hivyo kwisha.

Ikiwa mkoloni alichukua karne moja kukiri kasoro yake, Kenya huru nayo ina hesabu yake.

Desemba 25, 1963, siku 13 tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, serikali ya Kenyatta ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Wasomali wengi wa eneo hilo walikuwa wametaka kujiunga na Somalia, na walipokataliwa baadhi yao walishika bunduki. Serikali iliwaita shifta, neno lenye maana ya majambazi, na jina hilo likawa ndilo jina la vita. Kabla hata ya uhuru, Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi akiwa safarini pamoja na Chifu Galma Dida. Nairobi kuna barabara yenye jina la Wabera, na maelfu huipita kila siku. Yeye ni miongoni mwa wachache mno wa vita vile ambao jina lao liliandikwa mahali panapoonekana na watu wote.

Wanajeshi wa Kenya Rifles waliopelekwa kupambana na shifta walikuwa wengi wao ni Keya wa jana waliobadilisha kofia. Walikabiliana na watu walioijua nchi ile kuliko wao, na baadaye na mabomu ya ardhini yaliyotegwa kwenye barabara za mchanga. Vita viliendelea hadi Oktoba 1967, Kenya na Somalia zilipoafikiana mjini Arusha kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia.

Kwa nini askari wa vita hivyo hawana siku yao? Sababu ya kwanza iko katika neno shifta lenyewe. Serikali iliyosema kwamba inasaka majambazi haikuweza, bila kujipinga, kusema pia kwamba ilikuwa vitani. Na pasipo vita hapana maveterani wa vita. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Raia walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, mifugo ikatwaliwa au kupigwa risasi, na watu wasiokuwa na bunduki wakafa. Mwaka wa 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali na askari dhidi ya kushtakiwa kwa yale yaliyotendwa katika eneo hilo kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967. Sheria ya namna hiyo humlinda askari mahakamani, lakini pia humfungia mdomo. Mzee aliyekanyaga bomu akiwa na umri wa miaka 22 hakuwa na mahali pa kusimulia habari zake, kwa sababu kuzisimulia kungefungua na habari nyingine. Sheria za hali ya hatari katika eneo hilo ziliendelea kutumika hadi mwaka wa 1991.

Haya si mambo yasiyoweza kubadilika. Mau Mau walikuwa chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka wa 2003. Miaka minne baadaye sanamu ya Dedan Kimathi ilisimama katikati ya Nairobi, na Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Waliokuwa wakiitwa magaidi sasa ndio kiini chenyewe cha Sikukuu ya Mashujaa. Hakuna anayedai kwamba shifta waliotaka kujitenga wataingia katika orodha ya mashujaa wa Kenya. Hata hivyo, mfano huo unaonyesha kwamba orodha hiyo huandikwa na watu, na watu huweza kuirudia.

Ugumu wa Kaskazini Mashariki ni kwamba jeshi linalokumbukwa kwa heshima kwingineko, hapa hukumbukwa pia kwa mambo mengine. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliwageukia wakazi. Nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi ziliteketezwa na wanaume wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 10, 1984, huko Wajir, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilikiri awali vifo 57. Manusura hutaja mamia, na wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyakusanya mauaji hayo yote katika ripoti iliyomfikia Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, na Machi 26, 2015, akihutubia Bunge, Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zilizomtangulia na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafariji waathiriwa.

Kwa mama wa Wajir, basi, Februari 10 ni siku ya kumbukumbu kuliko Oktoba 20. Anayeandaa gwaride la kitaifa bila kulijua hilo atashangaa kwa nini makofi ni machache.

Jeraha hilo lilitoneshwa tena Novemba 19, 2012, wanajeshi watatu walipopigwa risasi na kuuawa mchana mjini Garissa. Yaliyofuata ni kwamba soko la mji liliteketea, watu wakajeruhiwa kwa risasi, na wakazi pamoja na watetezi wa haki wakawanyoshea wanajeshi kidole. Mazungumzo ya mji kuhusu siku zile mbili hugeukia upesi soko na hasara yake, na wale askari watatu, ambao nao walikuwa na wazazi, hawatajwi sana. Hasira ya wafanyabiashara ilikuwa na msingi. Lakini ndivyo ilivyo, kisa kimoja kiliwazika wale watatu mara ya pili.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba eneo hili limekuwa upande wa pili wa bunduki siku zote. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa angani walipojaribu kuipindua serikali, aliyeongoza askari kuirejesha mikononi mwa serikali idhaa ya Sauti ya Kenya alikuwa Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, mwana wa Garissa. Baadaye aliyaongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996. Serikali iliyokuwa imetuma vikosi Garissa mwaka wa 1980 iliokolewa, miaka miwili baadaye, na mtu wa Garissa.

Sasa tuje katika vita vya karne hii. Oktoba 13, 2011, wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, walitekwa nyara katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Garissa. Serikali iliyahesabu matukio ya namna hiyo kuwa sababu ya operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Wanajeshi wa KDF walivuka Liboi, wakaelekea Afmadow, na Septemba 28, 2012 wakaingia Kismayu. Miji ni ile ile ya 1941. Tofauti ni kwamba mvua na matope viliwachelewesha, na safari ambayo Cunningham aliimaliza kwa siku chache iliwachukua karibu mwaka mzima.

Januari 15, 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF iliyoko El Adde, katika eneo la Gedo, ng'ambo ya mpaka wa Mandera. Siku 12 baadaye Rais Kenyatta, akiwa pamoja na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria, aliongoza ibada ya wafu katika kambi ya Moi mjini Eldoret. Serikali haikutangaza idadi ya waliouawa. Rais wa Somalia alitaja watu karibu 200 katika mahojiano, na shirika la habari la CNN likataja 141. Mwaka mmoja kamili baada ya ibada ile, Januari 27, 2017, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa. KDF ilisema wanajeshi 9 walifariki, Al-Shabaab wakadai wameua makumi.

Sababu inayotolewa kila mara ya kuficha idadi ni kwamba adui asipewe la kujisifia. Ni hoja yenye nguvu wiki ya kwanza. Baada ya miaka, adui ameshatangaza idadi yake mwenyewe, na kukosekana kwa ile ya serikali kumeipa ya adui nafasi ya kuaminiwa.

Kuna na jambo la desturi. Mwanajeshi wa Kenya anapofariki, mwili wake husafirishwa hadi kwao, akazikwa katika shamba la wazazi wake kwa heshima za kijeshi. Tarumbeta hulia, risasi hufyatuliwa hewani, na bendera iliyokunjwa hukabidhiwa mjane. Ni desturi nzuri, na hakuna familia ingetaka iondolewe. Matokeo yake ni kwamba makaburi ya El Adde yametawanyika katika vijiji vya Bonde la Ufa, Magharibi, Ukambani na kwingineko, moja hapa na moja kule, na hakuna mahali ambapo yote huonekana kwa pamoja. Anayemtafuta askari wa Gold Coast aliyeuawa mwaka wa 1940 atampata katika rejista: jina, nambari, kikosi, tarehe, safu ya kaburi. Anayemtafuta aliyeuawa El Adde mwaka wa 2016 itambidi akaulize kijijini.

Wanaosahaulika zaidi ya wote hata si wanajeshi. Katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa. Wanafunzi walikuwa 142. Waliosalia walikuwa polisi watatu na wanajeshi watatu. Tangu hapo sehemu kubwa ya mzigo imewaangukia polisi wanaopita kwenye barabara zilizotegwa vilipuzi. Juni 13, 2023, polisi 8 waliuawa na kilipuzi katika Kaunti ya Garissa. Machi 23, 2025, alfajiri, askari 6 wa akiba waliuawa katika kambi yao ya Biyamadhow, kaunti hiyo hiyo.

Askari wa akiba ni nani? Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011, ni raia anayejitolea. Huchaguliwa mahali anapoishi, hupewa bunduki na mafunzo, na hulinda kisima, shule, mnara wa simu na barabara ya kwao. Huku Kaskazini Mashariki mtu huyo mara nyingi ni Msomali Mwislamu anayepigana na watu wanaozungumza lugha yake na kudai kuitetea dini yake. Afisa anayetoka bara huweza kuomba uhamisho. Yeye hana pa kuhamia, na Al-Shabaab wanaijua nyumba yake.

Mwaka wa 2022 Kenya ilipata Sheria ya Maveterani wa Jeshi, inayowahusu waliotumikia jeshini na wanaowategemea. Ni hatua iliyongojewa miaka mingi. Askari wa Biyamadhow, kwa kuwa hakuwa mwanajeshi, yuko nje yake. Kabla ya hapo ilikuwapo Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka wa 2014, ambayo milango yake ni mipana zaidi na haimtaki shujaa awe na cheo wala sare. Mfano wa upana huo ni Salah Farah, mwalimu wa Mandera aliyepigwa risasi Desemba 2015 ndani ya basi, yeye na Waislamu wenzake walipokataa kujitenga na abiria Wakristo ili hao wauawe. Alifariki Januari 2016, na miezi miwili baadaye Rais alimtunuku nishani. Mwalimu asiyekuwa na silaha aliandikwa katika daftari la taifa, na kwa haki kabisa. Aliyekuwa na silaha ya serikali begani hajapata daftari lake.

Huenda ikasemwa kwamba Waislamu hawana desturi ya kuyapamba makaburi wala kujenga sanamu, hivyo ukuta wa majina mjini Garissa hautakubalika. Pingamizi hilo halina nguvu linavyodhaniwa. Huko Wajir watu wamekuwa wakikutana kila Februari kuwakumbuka wafu wa Wagalla kwa dua. Dua husomwa kwa majina, na yanayotakiwa kwanza ni majina hayo, sanamu iwepo au isiwepo.

Na majina yapo. Bunduki ya serikali haitolewi kwa mtu asiyejulikana: askari wa akiba anapokabidhiwa silaha huandikwa jina lake na nambari ya bunduki, akatia sahihi au kidole gumba. Anapouawa, silaha hurejeshwa au hutangazwa kuwa imepotea, na maandishi yake hufungwa. Orodha ya waliokufa Garissa, Wajir na Mandera imekaa katika maghala ya silaha ya vituo vya polisi, katika ukurasa unaohesabu bunduki.